Skrubu za alenkii za kichwa cha kuzama: kuzichagua, kuzitobolea, kuzikaza na kuzitoa zikikwama

Kuna sehemu za mashine ambazo kichwa cha bolti hakiruhusiwi kujitokeza. Chukua meza ya msumeno wa kupasulia mbao. Ubao unateleza juu ya bamba, na kichwa kikipanda hata nusu milimita ubao unagota hapohapo, huku mkono wa fundi uko karibu na meno. Bawaba za mlango mzito wa chuma zina shida hiyohiyo, maana majani yake mawili lazima yalaliane mlango ukifungwa. Vifuniko vya shafti na puli, moldi za plastiki, fremu za aluminiamu: kote huko utakuta skrubu yenye kichwa cha koni kilichozama hadi kulingana na uso wa bamba, na katikati yake tundu la pembe sita la kuingizia alenkii, ule ufunguo wa fimbo ya pembe sita.

Skrubu yenyewe haina makuu. Ukienda Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road kule Nairobi unaipata. Kinachoharibu kazi ni tundu unalolitoboa kwenye bamba. Bolti ya kawaida yenye kichwa cha juu na washa inavumilia tundu lililokosewa kidogo, hii haivumilii. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu tundu, na madini na namba nitazieleza kadiri zinavyokusaidia kununua kitu sahihi.

Unachotakiwa kujua ukiwa dukani

Kwa kipimo cha milimita, koni ya kichwa ina digrii 90. Kwenye katalogi au lebo ya boksi utaona DIN 7991 au ISO 10642. Vichwa vya viwango hivi viwili vinatofautiana kidogo, kwa hiyo usitoboe kwa kutegemea jedwali. Pima kwa kalipa skrubu ulizozinunua. Kwa kukadiria tu, kichwa cha DIN 7991 kina kipenyo mara mbili ya kile cha hesi (mikato ya mzunguko kwenye skrubu): M6 ni milimita 12, M8 ni 16, M10 ni 20.

Urefu wa skrubu hii unapimwa kuanzia juu ya kichwa hadi nchani. Bolti ya alenkii ya kichwa cha mviringo, yaani kile kirefu kama silinda kinachokaa juu ya bamba, inapimwa kuanzia chini ya kichwa. Ukiagiza M8 ya 20 ukidhani kichwa hakihesabiki, itakuja fupi.

Alenkii yake ni ndogo kuliko ya bolti ya kichwa cha mviringo yenye hesi zilezile, kwa sababu koni haina nyama ya kutosha kuchimbiwa tundu kubwa:

- M3: alenkii ya milimita 2
- M4: 2.5
- M5: 3
- M6: 4
- M8: 5
- M10: 6
- M12: 8

Bolti ya M8 ya kichwa cha mviringo inatumia alenkii ya 6, hii ya kuzama inatumia ya 5. Tofauti hiyo ya milimita moja ndiyo sababu tundu la pembe sita huwa linaliwa mtu akikaza kwa nguvu aliyoizoea.

Tahadhari ya inchi. Mashine nyingi za mtumba kutoka Marekani zina skrubu za inchi, na koni zake ni digrii 82. Skrubu ya 10-32 ina kipenyo cha milimita 4.83 na hatua ya hesi (umbali kati ya hesi moja na inayofuata) ya 0.79, kwa hiyo nati ya M5 yenye hatua ya 0.8 inaikubali vizuri kiasi cha kukudanganya, lakini inashika kidogo tu. 5/16 nayo inafanana kwa macho na M8, ila hesi zake ni pana zaidi na inakwama baada ya mizunguko michache. Alenkii nazo zina mtego wake: ya 5/32 inaingia vizuri kwenye tundu la milimita 4, lakini ya 3/16 kwenye tundu la 5 inacheza na italila. Weka seti ya inchi na ya milimita kwenye vibweta tofauti.

Mtu wa kwanza kuuza sana skrubu zenye tundu la pembe sita alikuwa William G. Allen wa Hartford, Marekani, aliyepata hataza yake mwaka 1910. Alichokuwa anakiuza hasa ni usalama. Skrubu za kubania puli za enzi hizo zilikuwa na vichwa vya pembe nne vilivyojitokeza kwenye shafti, vikinasa nguo za wafanyakazi na kuwavuta ndani ya mashine. Jina lake ndilo tunalolitaja kila tukiomba alenkii.

Namba za kichwani

Kwenye skrubu za chuma utasoma 8.8, 10.9 au 12.9. Namba ya kwanza ukiizidisha kwa 100 unapata nguvu ya kuvutwa hadi kukatika, kwa megapaskali. Ya pili inakwambia ni sehemu gani ya nguvu hiyo skrubu inafika kabla haijarefuka moja kwa moja bila kurudi. 10.9 ni megapaskali 1,000, na inaanza kuharibika kwenye asilimia 90 ya hapo. Za stenlesi huandikwa A2-70, A4-70 au A4-80, ambapo 70 ni megapaskali 700. Usidanganyike na 700 hiyo ukaona inakaribia 8.8. A2-70 inaanza kurefuka kwenye 450, wakati 8.8 inafika 640.

Ila kwenye kichwa cha kuzama namba hizi hazitimii zote. Tundu la alenkii limechimbwa ndani ya koni, na pale koni inapokutana na kiuno (shina la skrubu) ukuta unabaki mwembamba, kwa hiyo kichwa kinaweza kung'oka kabla hesi hazijakatika. ISO 10642 yenyewe inakubali hivyo: mzigo wa kuvunja inaoudai ni asilimia 80 tu ya ule wa bolti kamili ya daraja hilohilo. Ndiyo maana nyingine sasa zina sifuri mbele, kama 010.9. Ukiona sifuri hiyo usidhani ni kosa la kiwandani.

Kwa hiyo mahali penye mzigo mkubwa wa kuvuta, au panapotetemeka mchana kutwa, kama miguu ya injini au maungio ya chasisi, weka bolti ya kichwa cha juu. Ya kuzama ni ya mahali ambapo uso lazima uwe sawa.

Madini: ipi iende wapi

Chuma cheusi cha 10.9 na 12.9 ndicho utakachokutana nacho zaidi. Weusi ule si kinga ya kutu. Ni ngozi nyembamba inayoshika mafuta, na mafuta yakishakauka kazi yake imekwisha. Ndani ya mashine inayolainishwa inadumu miaka. Kwenye geti la nyumba Tanga au Mombasa itaanza kutiririsha wekundu msimu wa kwanza wa mvua.

Kitu kimoja kuhusu 12.9: usizichovye kwenye maji ya betri ili kutoa kutu, na usizipeleke kupakwa zinki kwa umeme kwa fundi asiyejua anachokifanya. Asidi inaingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu, na skrubu inakuja kukatika yenyewe saa au siku kadhaa baada ya kukazwa, bila mtu kuigusa. Kama unahitaji skrubu yenye zinki, chukua 8.8 iliyopakwa kiwandani. Kwa fremu, vifuniko na bawaba inatosha kabisa.

Stenlesi A2 ni ile ambayo wauza vyuma wanaiita 304 na A4 ni 316, ambayo imeongezwa molibdeni asilimia 2 hadi 3 ili istahimili chumvi. Bara, jikoni, kwenye kiwanda cha maziwa au juisi, A2 inafaa. Karibu na bahari nunua A4 moja kwa moja, maana A2 itapata madoa ya kahawia, na chini ya kichwa ambako maji ya chumvi yanabaki bila hewa italiwa vijishimo. Wauzaji wengi wanapima stenlesi kwa sumaku. Kipimo hicho kinasaidia lakini hakitoshi: A2 iliyofinyangwa baridi inaweza kuvutwa kidogo, na A2 na A4 sumaku haiwezi kuzitenganisha. Soma kichwa. Isiyo na alama yoyote ichukulie kuwa ni ya mapambo.

Stenlesi ikiingia kwenye aluminiamu mahali penye unyevu wa chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe ukitoka kuzunguka kichwa, na mwaka wa tatu skrubu haitoki tena. Paka grisi ya kuzuia kukwama kwenye hesi na kwenye koni pia, siyo kwenye hesi peke yake.

Brasi ni nzuri kwa umeme na mapambo. Kwenye mashua iache, kwa sababu maji ya bahari yanatoa zinki iliyomo na kubakiza shaba laini yenye rangi ya waridi inayovunjika kama biskuti. Titani ni nyepesi na haili kutu ila bei yake ni ya watu wa baiskeli za mashindano. Nailoni inafaa pale tu unapotaka umeme usipite.

Kazi yenyewe: bamba la milimita 10 juu ya meza ya chuma

Tuseme unafunga bamba la chuma laini la milimita 10 juu ya fremu ya chuma bapa yenye unene wa 20, kwa skrubu za M8.

Anza na unene. Kichwa cha M8 kina kina cha milimita 4.4, cha M6 ni 3.3, cha M10 ni 5.5. Bamba lazima lizidi kina hicho angalau kwa milimita moja, ili chini ya koni ibaki sehemu ya tundu iliyonyooka. Bamba la milimita 10 halina wasiwasi. La 4 likipigwa M8 ni kujidanganya: koni itapita upande wa pili na kichwa kitakaa juu ya fremu badala ya kubana bamba. Hapo shuka hadi M5, ambayo kichwa chake ni 2.8. Pembeni, senta ya tundu la M8 iache milimita 16 kutoka ukingoni, maana koni inatanua kama kabari na ukingo mwembamba unavimba.

Kisha urefu. Ndani ya chuma, hesi zinazoshika zisipungue kipenyo cha skrubu: 8. Jumlisha na bamba la 10 unapata 18, kwa hiyo dukani chukua 20. Kama fremu ingekuwa ya aluminiamu ungehitaji mara moja na nusu hadi mara mbili ya kipenyo, na ungenunua 25.

Weka bamba mahali pake, libane kwa klempu, piga senta panchi, na toboa vyote viwili kwa pamoja kwa biti ya 6.8. Usitoboe bamba peke yake kisha uanze kutafuta fremu. Bolti ya kawaida kwenye tundu la 9 inaweza kusogea nusu milimita kila upande, nawe ukasukuma bamba hadi likae. Koni haisogei popote. Inajipeleka katikati ya tundu lake yenyewe, na skrubu nne zikivutana huku na kule, mojawapo itakaa na kichwa kimeinama upande. Njia ninayoipenda ni kumaliza kona moja kabisa hadi kuifunga, kisha kona iliyo mkabala nayo, ndipo matundu mengine yafuate bamba likiwa limeshikiliwa na hizo mbili. Unaweza kulifungua na kulirudisha mara nyingi na litarudi palepale, tena kwa usahihi kuliko bolti za kawaida.

Kwenye fremu kata hesi kwa tapu ya M8 × 1.25, na mafuta, nusu mzunguko mbele na robo nyuma. Tapu ikiingia imeinama kazi imeharibika, kwa sababu koni italazimisha skrubu isimame wima huku hesi zikiivuta upande. Bana tapu kwenye drili ya mezani, zima umeme, na izungushe kwa mkono mizunguko ya kwanza.

Kwenye bamba panua tundu hadi 9. Hapohapo, bila kusogeza bamba, badilisha biti na uweke ya kaunta (biti ya kukatia koni) ya digrii 90, ili koni na tundu viwe na senta moja. Sasa punguza mwendo. Biti ya 6.8 kwenye chuma laini inaenda vizuri kwenye mizunguko 1,100 hivi kwa dakika. Kaunta inayokata upana wa milimita 16 inataka 300 au chini ya hapo, mafuta, na mkono mzito. Ikianza kulia na kuacha mawimbi kwenye koni, mwendo ni mkubwa au unasukuma kwa woga. Mwenye drili ya mkono tu atafute kaunta ya aina yenye tundu moja la mshazari, inatulia kuliko yenye meno mengi.

Ukaribiapo saizi, simama na pima. Kwenye koni ya digrii 90, kila mdomo unapoongezeka kipenyo kwa milimita 0.4, kichwa kinashuka 0.2. Weka skrubu, pitisha rula juu yake. Kama kichwa kimechomoza 0.3, unahitaji mdomo upanuke 0.6 na ziada kidogo. Lenga kichwa kizame 0.1 hadi 0.2 chini ya uso. Kuzama zaidi hakuongezi usalama wowote, kunapunguza tu nyama ya bamba.

Wengi wanakata koni hii kwa biti kubwa ya kutobolea. Ncha ya biti hiyo ni digrii 118, siyo 90. Kujua madhara yake, paka koni ya skrubu wino wa maka, iache ikauke, kaza kidogo kwa mkono, itoe uitazame. Wino ukifutika sawasawa kuzunguka koni yote, tundu liko sawa. Ukifutika karibu na kiuno peke yake, tundu ni la ncha ya biti: kichwa kinashikilia duara jembamba chini na ukingo wake unaelea. Itakazika siku hiyo, na baada ya wiki ya mtetemo duara lile litakuwa limeshabonyea na skrubu imelegea. Wino ukifutika ukingoni juu tu, kaunta uliyotumia ni ya Kimarekani ya digrii 82. Ukifutika upande mmoja, tundu au hesi zimeinama.

Kabla ya kufunga, toa makapi chini ya bamba, na upitishe kaunta kidogo kwenye mdomo wa hesi za fremu. Skrubu ikivutwa inanyanyua chuma kuzunguka mdomo ule, na bamba litakaa juu ya kinundu.

Kukaza

Safisha tundu la alenkii, ingiza alenkii hadi mwisho, ndipo ukaze. Ile yenye ncha ya duara kama kijimpira ni ya kuzungushia tu, kukaza kwa mwisho tumia ncha iliyonyooka. Alenkii iliyolika pembe ikate kwa grenda milimita chache, ukiipoza kwa maji kila mara, na utapata ncha mpya.

Kwa daraja la 8.8, majedwali ya bolti za kawaida yanatoa nguvu ya kukaza ya takriban Nm (newton-mita) 10 kwa M6 na Nm 25 kwa M8. Kwa kichwa cha kuzama usifike huko: Nm 8 na Nm 20 ni kikomo cha busara. Kwa A2-70 shuka tena kwa theluthi moja. Hesi na koni zikiwa na grisi, skrubu inavutika zaidi kwa nguvu ileile ya mkono, kwa hiyo punguza tena. Kaza kwa msalaba, mara ya kwanza nusu ya nguvu, mara ya pili yote.

Washa haiwekwi, wala ile ya springi. Kama kuna mtetemo tumia gundi ya hesi ya bluu, tone moja, kwenye hesi zilizosafishwa mafuta. Stenlesi ndani ya stenlesi ina ugonjwa wake: ikizungushwa haraka kwa mashine, hesi zinachubuana na kung'ang'aniana katikati ya safari, haziendi mbele wala hazirudi. Paka grisi ya kuzuia kukwama na uzungushe kwa mkono. Ukiona inaanza kuwa nzito kabla kichwa hakijafika, simama, irudishe.

Kwenye mbao hesi hizi hazishiki. Chimbia nati ya mbao kwanza.

Ikikwama

Kichwa cha koni kinakwama kuliko vingine kwa sababu kimejibana kama kabari. Chokoa uchafu ndani ya tundu kwa sindano, mimina mafuta ya kupenya, ingiza alenkii na uigonge kichwani kwa nyundo mara kadhaa. Mshtuko huo unaachanisha koni na tundu, na mara nyingi unatosha. Kama ilipakwa gundi ya bluu, ipashe joto. Karibu nyuzi joto 250 gundi inalegea, na skrubu inatakiwa itolewe ikiwa bado ya moto.

Tundu la pembe sita likishaliwa, gongelea ndani biti ya toksi (ya ncha ya nyota) yenye ukubwa uliozidi kidogo, kisha fungua kwa mkono polepole. Ikishindikana na skrubu ni ya chuma, weka nati juu ya kichwa na uichomelee katikati. Joto la welding peke yake limeshafungua nyingi.

La mwisho ni kutoboa kichwa. Tundu la alenkii linakuongoza senta vizuri. Anza na biti ndogo, malizia na ya 8.5 kwa M8, kwa kina cha kichwa tu. Kichwa kitaachia na kupanda na biti, bamba litatoka, na kipande kilichobaki juu ya fremu utakizungusha kwa praya kwa urahisi, kwa kuwa mbano uliokuwa unakishikilia haupo tena. 12.9 ni ngumu kwa biti ya kawaida, tumia ya kobalti na mwendo mdogo. Kabla ya kurudisha skrubu mpya, pitisha kaunta kwa mkono kwenye koni ya zamani kuondoa mikwaruzo, na rudia kipimo cha wino.